Faili la usanidi ni sehemu ya jaribio

Wengi wetu tunaoandika majaribio ya kiotomatiki ya programu za kompyuta hulitunza jaribio lenyewe kwa makini: tunalipa jina linaloeleweka, tunaomba mwenzetu alipitie, na tunalifuta likipitwa na wakati. Faili la usanidi (yaani la mipangilio) lililo kando yake, ambalo ndilo linaloamua jaribio litaelekezwa kwenye seva ipi, litatumia hifadhidata ipi na litahukumiwa kwa ukali gani, huachwa likue bila mwenyewe. Kazi yangu ya kila siku ni pytest, mfumo wa majaribio wa lugha ya Python, na kadiri ninavyoendelea nao ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jaribio lililofaulu kwa usanidi ambao hakuna aliyeusoma halijathibitisha kitu.

Tuanze na usanidi wa pytest yenyewe. Huutafuta katika mafaili kadhaa kwa mpangilio maalumu, na miongoni mwayo pytest.ini hutangulia pyproject.toml, kisha tox.ini, na mwisho setup.cfg. Jambo ambalo wageni wa chombo hiki hawalitarajii ni kwamba mafaili hayo hayaunganishwi kamwe: la kwanza linalofaa ndilo linalotumika, na mengine hayasomwi kabisa. Tena pytest.ini hushinda hata likiwa tupu. Tuseme timu imeweka kanuni zake zote katika pyproject.toml, chini ya kichwa [tool.pytest.ini_options] kilichoanza kukubalika katika toleo la 6.0 la mwaka 2020, na miongoni mwa kanuni hizo imo xfail_strict = true, ambayo maana yake ni kwamba jaribio lililowekewa alama ya kutarajiwa kushindwa, likifaulu ghafla, lihesabiwe kuwa limeshindwa ili mtu alazimike kwenda kuichunguza alama ile. Kisha mwenzao mmoja, kwa nia njema kabisa, anaongeza pytest.ini lenye mstari mmoja tu wa kutaja folda ya majaribio. Kuanzia hapo ukali wote umeondoka, na matokeo yanaonekana mazuri kuliko ya jana.

Habari hiyo haifichwi. Mwanzoni mwa kila mzunguko pytest huchapa mstari wenye neno configfile na jina la faili lililosomwa, na mtu anayejenga mazoea ya kuutazama mstari huo kabla ya kutazama rangi ya matokeo hujiepusha na mengi. Ndiyo sababu sikubali chaguo la -q liwekwe katika addopts ya mradi mzima, yaani orodha ya machaguo ambayo pytest hujiongezea kila inapoendeshwa: hupunguza maneno kwenye skrini, na miongoni mwa maneno yanayoondoka ni mstari huo. Anayetaka ukimya auandike mwenyewe kwenye mstari wa amri.

Chaguo ninaloliweka kila mradi ni --strict-markers. Bila hilo, mtu akikosea herufi moja katika alama ya jaribio, yaani jina la kundi linalobandikwa juu yake, akaandika malipp badala ya malipo, hupata onyo tu, na anayeendesha majaribio yote ya malipo kwa -m malipo hataliona jaribio hilo likikosekana. Likiwepo, alama ambayo haikusajiliwa husimamisha kazi papo hapo.

Baada ya usanidi wa chombo yanakuja mafaili ya mazingira, yanayotaja anwani ya seva, watumiaji wa majaribio na data zao. Hapa muundo wa faili una uzito kuliko watu wanavyodhani. Maktaba ya PyYAML, inayosoma mafaili ya muundo wa YAML katika Python, hufuata kanuni za YAML 1.1, na katika kanuni hizo namba inayoanza na sifuri, ikiwa tarakimu zake zote ni kati ya 0 na 7, husomwa kwa kizio cha nane, hivyo 0123 isiyo na alama za kunukuu inakuwa 83. Tanzania na Kenya namba za simu za mkononi huandikwa zikianza na sifuri. Basi katika orodha ya watumiaji wa majaribio, simu yenye 8 au 9 ndani yake itabaki maandishi kama ilivyoandikwa, na simu isiyo na tarakimu hizo itageuka kuwa namba nyingine kabisa. Majaribio ya watumiaji wawili yanafaulu, la wa tatu linaanguka, na msimbo unachunguzwa asubuhi nzima bila kosa kuonekana. Muda wa basi kuondoka ulioandikwa 19:30 nao husomwa kuwa 1170, kwa kuwa huchukuliwa kuwa hesabu ya kizio cha sitini. Mafaili ya INI, muundo mwingine wa usanidi, yanayosomwa kwa configparser ya Python yana tabia iliyo kinyume: kila thamani ni maandishi, hata False, na maandishi yasiyo tupu Python huyahesabu kuwa kweli, mpaka uombe kwa getboolean. Kwa mradi mpya mimi huchagua TOML, muundo wa faili la pyproject.toml, ambao hutenganisha wazi maandishi na namba, na tangu Python 3.11 ya mwaka 2022 husomwa na tomllib bila kuongeza maktaba yoyote.

Faili hilo lisomwe mahali pamoja tu. Katika conftest.py, faili ambalo pytest hulisoma yenyewe kabla ya majaribio, ninaongeza chaguo la --mazingira kwa pytest_addoption, kisha fankisheni moja, inayoitwa mara moja kwa mzunguko mzima, hulisoma faili, hukagua kwamba kila jina linalohitajika lipo na lina thamani ya aina yake, na hukataa jina lolote lisilojulikana. Dosari ikionekana, mzunguko wote usimame kabla ya jaribio la kwanza, na ujumbe utaje faili na jina lenye kasoro. Mazingira ya chaguomsingi yawe kompyuta ya mwandishi, kamwe yasiwe seva inayohudumia wateja.

Nywila na funguo haziingii humo. Zisomwe kutoka vigezo vya mazingira, yaani thamani zinazowekwa kwenye kompyuta nje ya msimbo, na kwenye Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, libaki faili la mfano lenye majina bila thamani. Kuliongeza faili kwenye .gitignore, orodha ya mafaili yasiyofuatwa na Git, baada ya kulisajili hakuondoi kilichokwisha kuingia katika historia, kwa hiyo nywila iliyopita huko ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kuna thamani moja ninayoikagua kila ninapopitia kazi ya mwenzangu, nayo ni muda wa kusubiri. Ni halali utofautiane kati ya mazingira, kwa kuwa seva ya pamoja huenda ikawa nzito kuliko kompyuta ya mtu. Lakini sekunde 5 zikipandishwa kuwa 60 ndani ya faili la usanidi, bila mstari mmoja wa msimbo kuguswa, jaribio lililokuwa likilalamika kuhusu ukurasa mzito limenyamazishwa. Badiliko la namna hiyo ninalirudisha kwa aliyeliandika, nikimwomba alete kwanza kumbukumbu za seva za dakika ile jaribio liliposhindwa.