Ukuta wa pua: gegedu, damu iliyovilia na muhina

Shika ncha ya pua yako uipinde kushoto na kulia. Inafuata mkono, kwa sababu ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua, kwa upande wa mbele, ni gegedu la pembe nne lenye unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Mfupa uko nyuma: juu ni bamba la ethmoidi, chini ni vomeri. Kitako cha gegedu kimekaa kwenye ukingo wa taya la juu kama ubao ndani ya mfuo. Likichomoka hapo, tundu moja huziba.

Gegedu halina mishipa ya damu ndani yake. Chakula hulipata kwenye utando ulioligandama pande zote mbili, na hapa ndipo penye hatari. Mtoto akipigwa na mpira usoni pale viwanja vya Mnazi Mmoja, damu inaweza kuvilia kati ya utando na gegedu. Nje hamna hata mchubuko, lakini ndani pamevimba, mara nyingi pande zote mbili, na pua imeziba. Gusa taratibu kwa kijiti cha pamba. Ukuta uliopinda tu huwa mgumu, na palipobinuka upande mmoja pana bonde upande wa pili. Damu iliyovilia hubonyea. Hiyo ni ya hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa aliye shamba: daktari huichanja, huitoa, kisha hupachika bandeji ili utando urudi kugandama. Ikiachwa siku tatu nne, gegedu hufa kwa njaa, usaha huingia, na mgongo wa pua hudidimia.

Muhina, yaani kutokwa na damu puani, ni jambo jengine. Mishipa kadhaa midogo hukutana mbele ya ukuta, chini, pale kidole kinapofika. Joto la kaskazi na feni ya usiku kucha hukausha utando; ukoko ukikwanguliwa, damu hutoka. Kumwinua mtu kichwa ni kumnywesha damu yake mpaka atapike. Mkalishe, ainame mbele, apumue kwa mdomo, nawe bana sehemu laini ya pua, si mfupa wa juu, dakika 10 hadi 15 kwa kutazama saa, bila kuachia kuchungulia. Ukirudia na bado inatoka, mpeleke hospitali.

Kwa wanaotumia dawa ya kupuliza puani: mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa sikio. Ikielekea katikati, dawa hupiga ukuta palepale kila siku hadi utoe damu.