Nilivyochagua chuo kikuu cha umma California baada ya chuo cha jamii

Kila niliyemwambia nataka kuhamia chuo kikuu kusomea biashara alikuwa na jina tayari mdomoni. Mjomba alisema Berkeley. Jirani yetu Mkenya alisema UCLA, akashikilia hapo hapo hata nilipomwonyesha kwamba UCLA haitoi shahada ya kwanza ya utawala wa biashara. Waliyo nayo ni ya uchumi wa biashara, na mimi nilitaka uhasibu. Ushauri wa aina hii unanikera sana, maana kijana akiufuata anaweza kupoteza mwaka mzima na pesa za wazazi.

Nilikuwa chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili ya mwanzo, kusini mwa California, nikilipa dola 46 kwa yuniti, kipimo cha uzito wa somo, kwa sababu nilishatimiza mwaka wa ukaazi jimboni. Huku mtu anahama akishafikisha yuniti 60 za mihula, anaingia mwaka wa tatu. Nikaamua kushika swali moja tu: nikifika huko, masomo yangu mangapi yatahesabiwa kwenye shahada ya biashara yenyewe?

Kwanza nilijaribu kuokoa mwaka wa stashahada ya uhasibu niliosoma Tanzania. Dada yangu ndiye aliyefuatilia. Alifika masijala ya chuo, akaambiwa mwenye muhuri yuko safarini, arudi Jumatatu. Jumatatu mwenye muhuri yupo, lakini matokeo ya muhula wa pili hayaonekani kwenye kompyuta. Akakaa kwenye benchi pale mlangoni, na maji yake na mkate, akawaambia kwa adabu kabisa, "Shikamooni wazee wangu, leo siondoki." Saa tisa alasiri bahasha ikatoka, imefungwa na kupigwa muhuri juu ya kifuniko, kama wanavyotaka watathmini wa Marekani. Pamoja na kuituma na ada ya tathmini, laki kadhaa zilikwenda. Jibu likaja: yuniti zimetambuliwa, ila ni za jumla, hazichukui nafasi ya somo lolote la uhasibu. Nikasoma uhasibu upya nikapata A. Mwenye vyeti vya nyumbani avipeleke, ila asiviwekee matumaini yote.

Kilichonisaidia kweli ni tovuti ya ASSIST. Ni ya bure, na inaonyesha somo la chuo chako cha jamii linasimama badala ya somo gani kwenye chuo kikuu cha umma cha jimbo hili, mkataba wa kila fani na mwaka wake. Nilichapa mikataba ya biashara ya Fullerton, Long Beach, Pomona, Riverside na Irvine. Usiku, watoto wa mama mdogo wakishalala, nikaitandaza sakafuni sebuleni, karatasi kando ya karatasi, na kalamu mbili za rangi. Kijani kwa somo nililonalo, nyekundu kwa lile wanalolidai na sina. Uhasibu wa fedha, uhasibu wa menejimenti, uchumi wa maikro na wa makro, takwimu: kijani karibu kote. Walipoachana ni kwenye kalkulasi. Vyuo nilivyoviangalia vya mfumo wa CSU (California State University), yaani Fullerton, Long Beach na Pomona, viliridhika na kalkulasi fupi ya biashara; upande wa UC (University of California), mfumo wenye Riverside na Irvine, nikakuta penye kudai ile ndefu ya mihula miwili. Mshauri wangu chuoni alikuwa ameniambia ile fupi inakubalika kila mahali. Nikampelekea karatasi, akaisoma, akaitoa kopi.

Mama mdogo alisimama mlangoni akaniuliza, "Sasa mwanangu, ipi ina wekundu kidogo?" Fullerton. Na Fullerton iko jirani na kwetu Anaheim, shule yake ya biashara ina ithibati ya AACSB, shirika la kimataifa linalokagua ubora wa shule za biashara, kwenye biashara na kwenye uhasibu pia, na kwenye ratiba niliona madarasa ya jioni, kwa hiyo kazi yangu ya ghala isingekatika. Ada ya CSU kwa mkazi ilikuwa dola elfu sita na ushee kwa mwaka, ya UC zaidi ya mara mbili.

Nilichukua pia ile digrii ndogo ya kuhamia, ADT, iliyotokana na sheria ya jimbo ya mwaka 2010. Ukiwa nayo CSU wanakuhakikishia nafasi ndani ya mfumo wao, na chuo kikiipokea kwa fani yako unamaliza kwa yuniti 60 nyingine. Sikiliza vizuri: nafasi ndani ya mfumo. Chuo fulani hakijaahidiwa mtu, na biashara hujaa haraka, kwa hiyo omba zaidi ya kimoja. Mimi niliomba vitatu, vyote vikanikubali, na nilifurahi mno.

Anayetaka UC ana TAG, dhamana ya kupokelewa, inayotolewa na vyuo sita. Berkeley, UCLA na San Diego, ambavyo navyo ni vya UC, hawamo. Fomu inajazwa Septemba, kabla ya maombi yenyewe, na ni lazima usome kwanza kama biashara imo, maana vyuo huondoa baadhi ya fani. Halafu Januari kuna taarifa ya alama za muhula uliopita ya kujaza. Rafiki yangu nusura aikose kwa sababu barua pepe iliangukia kwenye taka, kwa hiyo fungua akaunti yako ya maombi mwenyewe, usingoje kukumbushwa.