Siku Shangazi alipoomba kurasa zote

Binti yangu amenitumia picha ya ukurasa mmoja. Ni ule wa mwisho wa mkataba wake wa kazi, wenye mistari miwili ya kutia saini, na chini yake ameandika: "Mama, nisaini?" Nikamuuliza kurasa nyingine ziko wapi. Akasema ni maelezo tu, ni marefu, na kesho asubuhi wanautaka.

Nilimpigia nikamwambia anitumie zote. Kisha nikashinda mchana mzima nikimkumbuka Shangazi.

Wakati ule kaka alikuwa anahangaikia mkopo wa kununua mashine ya kuchomelea vyuma. Alikuwa fundi mzuri, lakini alifanyia kazi mashine za kuazima, na sehemu kubwa ya malipo yake iliishia kwa wenye mashine. Mkopeshaji alikubali kumpa, ila kwa sharti la mdhamini mwenye kipato cha kudumu. Katika ukoo wetu mwenye pensheni alikuwa Shangazi peke yake. Alikubali palepale alipoombwa. Kaka alikuwa kipenzi chake, sote tulilijua hilo na hatukumwonea wivu. Mimi nilikuwa bado mwanafunzi. Nilipelekwa kumshikia mkoba.

Jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani ni kazi aliyostaafu. Shangazi alikuwa mpiga chapa. Tangu enzi za karatasi za kaboni alikuwa akichapa mikataba ya watu wengine, na macho yake yalishazoea kuona palipoongezwa neno, palipoondolewa, na pale ambapo kifungu kizima kimehamishwa kutoka karatasi nyingine bila mtu kukisoma.

Afisa alitupokea vizuri. Mkataba ulikuwa mezani, umeshafunuliwa ukurasa wa mwisho, kalamu imelazwa juu yake, na alama ya penseli ikionyesha mahali pa kusaini. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza kalamu pembeni, akarudisha kurasa moja moja mpaka akafika ya kwanza. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akilinganisha nakala kazini, kidole kikifuata mstari.

Alianza na majina. Lake lilikuwa sawa. La kaka lilikosa herufi moja. Akaomba lisahihishwe, na kila upande uandike herufi za mwanzo za majina pembeni mwa sahihisho. Afisa akafanya huku akitabasamu. Kiasi cha mkopo kilikuwa kimeandikwa kwa tarakimu, lakini nafasi ya kukiandika kwa maneno iliachwa wazi. "Hapa mtu akiongeza sifuri moja, hakuna wa kuiona," akasema. "Maneno hayaongezeki hivyo." Nafasi ikajazwa. Mbele kidogo paliandikwa "kama ilivyoelezwa katika Kiambatisho cha Pili". Akauliza kiko wapi. Akaambiwa ni jedwali la riba na ada, lipo kwenye faili.

"Liletwe basi, mwanangu, maana hapa nimeandikiwa kwamba nimelisoma."

Lilichelewa kuletwa. Kaka akaanza kutikisa mguu chini ya meza. Lilipofika, Shangazi alilisoma lote, akauliza ada ya kuchelewesha rejesho inahesabiwa kwa siku au kwa mwezi, na kama inatozwa kwenye rejesho lililochelewa au kwenye deni zima. Afisa ilimbidi naye asome kwanza ndipo ajibu.

Kisha akafika kwenye kifungu cha dhamana, akanyamaza. Akakirudia. Akanigeuzia karatasi nikisome mimi. Kilisema kwamba mdhamini atawajibika kwa mkopo huu na kwa deni jingine lolote ambalo mkopaji anadaiwa sasa au atakalodaiwa baadaye, na kwamba dhamana itaendelea hata kama masharti ya mkopo yatabadilishwa bila mdhamini kuarifiwa.

"Mimi nimekuja kudhamini mashine moja," akamwambia afisa. "Hapa naona nadhamini maisha yake yote."

"Mama, huu ni mkataba wa kawaida. Kila mtu anausaini."

"Kama ni wa kila mtu, mbona lililoandikwa hapa ni jina langu?"

Hakuwa mkali. Aliomba mambo mawili tu: patajwe kiwango cha juu ambacho mdhamini anaweza kudaiwa, na iandikwe kwamba mkopo huu ukimalizika kulipwa, dhamana nayo imekwisha. Afisa akasema fomu inatoka makao makuu, yeye hana mamlaka ya kugusa hata nukta. Akamhakikishia kwamba kifungu kile hakitumiki, kipo tu.

"Kama hakitumiki, hamtapata hasara mkikifuta."

Afisa akatazama saa yake. Kaka akasema, "Shangazi, tafadhali." Alilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake kabla ya hapo. Shangazi akamtazama kwa muda. Mkono ukaenda kwenye kalamu, na mimi nikadhani sasa anasaini. Akaifunga kifuniko, akamrudishia afisa kwa mikono miwili, akamshukuru kwa muda wake, akasimama.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Jioni ile ile Shangazi alimwita kaka akamwambia ana akiba, achukue, hata kama haitoshi mashine mpya. Alikuwa radhi kutoa anachokijua. Kaka akakataa. Akampata rafiki yake mmoja, naye akasaini karatasi zile zile akiwa amesimama. Mashine ikanunuliwa, kazi ikafanyika, mkopo ukalipwa wote. Kifungu kile hakikumgusa yule rafiki hata kidogo.

Mimi baadaye nilisoma kidogo sheria ya mikataba, na kifungu kile nilikutana nacho tena nikakitambua. Katika sheria yenye asili ya Uingereza, mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti muhimu bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini anaweza kufunguliwa kutoka kwenye dhamana yake. Ndiyo maana waandishi wa fomu humtaka aiache kinga hiyo mapema, kwa saini yake mwenyewe. Kwa hiyo hakikuwa "kipo tu". Nilisoma pia hukumu ya Uingereza ya mwaka 1934, L'Estrange dhidi ya Graucob. Mwenye mkahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara kwa kutia saini fomu yenye maandishi madogo, mashine ikawa mbovu, akashindwa kesi. Mahakama ilisema aliyesaini amefungwa na alichokisaini, awe amekisoma au hakukisoma, isipokuwa kama alidanganywa. Shangazi hakuwahi kuisikia kesi hiyo. Alichokijua ni kwamba siku ya mgogoro karatasi ndiyo itakayosomwa, na afisa mwenye tabasamu huenda ameshahamishwa.

Siku moja, mbele yetu sote, kaka alimwambia: "Umeona? Hakuna kilichotokea."

"Nami sikusema kitatokea," Shangazi akajibu. "Niliuliza kikitokea, mwisho wake uko wapi."

Aliamini kwamba kaka atalipa. Hilo nina hakika nalo. Lakini kaka angeweza kuugua, angeweza kufa, na mkataba huandikwa kwa ajili ya siku ambayo neno la mtu mwema halitoshi tena, hata kama wema wake haujapungua. Nimejaribu kumweleza kaka hivyo. Kwake yeye, Shangazi alimkana mbele ya mtu wa nje, na yule rafiki aliyesaini bila kusoma ndiye aliyesimama naye. Siwezi kusema hakusimama naye. Alisimama.

Tulizungumza tena habari hizi juzi, baada ya kumsomea binti yangu mkataba wake hadi kiambatisho cha mwisho. Kaka akanisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza:

"Wewe siku ile ungenisainia?"

Nikamwambia ningeomba waandike kiwango cha juu.

"Na walipokataa?"

Sikuwa na la kumjibu.