Tulibishana hadi usiku wa manane
Swali lilikuwa dogo tu: nani mwanamuziki bora wa jazi kuwahi kutokea? Rafiki yangu mmoja akasema Miles Davis, mpiga tarumbeta, maana hakukubali kukaa palepale. Mwaka 1959 alitoa albamu ya Kind of Blue, na miaka kumi baadaye alikuwa ameshaingiza vinanda vya umeme na gitaa la umeme. Mwingine akaapa kwa John Coltrane, mpiga saksafoni aliyefariki 1967 akiwa na miaka 40 tu.

Mimi nikang'ang'ania Louis Armstrong. Wakacheka! Eti mzee wa tabasamu na leso mkononi. Basi nikawawekea rekodi yake ya West End Blues ya 1928, pale mwanzo tarumbeta inapoingia peke yake, bila piano wala chochote. Sekunde chache tu, lakini chumba kizima kikanyamaza. Jazi ya New Orleans, alikotoka, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wote kupiga kwa pamoja. Yeye ndiye hasa aliyemfanya mpigaji mmoja asimame mbele na kusimulia hadithi yake.

Wa Coltrane hajakubali bado. Asubuhi kanitumia rekodi ya karibu nusu saa, niko dakika ya tisa. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, hatukumgusa hata kidogo, aibu yetu.