Kaambiwa asimame pale, kakamatwa kwa kusimama pale

Juzi usiku nimerudia kuisoma kesi ya Cox dhidi ya Louisiana na bado inaniuma vilevile.

Ni Baton Rouge, jimbo la Louisiana, Marekani, tarehe 15 Desemba 1961. Mchungaji B. Elton Cox anaongoza wanafunzi weusi kama 2,000 kuelekea mahakamani sababu wenzao 23 wamewekwa ndani jana yake, walisimama na mabango nje ya maduka yanayobagua weusi kwenye kaunta za chakula. Mkuu wa polisi anakuja, wanaongea, anamwambia sawa ila mkae upande wa magharibi wa barabara. Wakakaa hukohuko, futi 101 toka ngazi za mahakama, yaani mita 30 hivi, ukiitwa jina unageuka. Mwisho wakapigwa mabomu ya machozi na kesho yake Cox akakamatwa, shtaka mojawapo eti kaandamana karibu na mahakama! Mwaka 1 jela na faini dola 5,000 kwa hilo peke yake.

Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu hiyo 1965, ikasema serikali haiwezi kukuruhusu kwa mdomo wa ofisa wake halafu ikufunge kwa ruhusa hiyohiyo, huo ni mtego. Lakini si kila mtu anaponea hapo jamani, Maryland, jimbo jingine la hukohuko, miaka ya 1940 kuna mchungaji aliulizia kwanza kwa mwendesha mashtaka wa serikali kuhusu bango lake la kutangaza kwamba anafungisha ndoa, akaambiwa halina shida, akaliweka, na akatiwa hatiani. Mtu kauliza kabisa! Angefanya nini zaidi?

Kwetu Tanzania kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutojua sheria si utetezi. Mi hicho sikipingi, bila hicho kila mtu angesema sikujua. Ila aliyekwenda kuuliza kwa mwenye sheria na akajibiwa siyo sawa na asiyejua, na naamini sheria yetu ingefaa ilitamke hilo wazi.

Mama mdogo wangu anauza vitumbua. Afisa alikuja akamchorea mstari wa chokaa, "mama, usivuke hapa, ndani ya hapa uko salama", akashukuru sana. Wiki ya tatu mgambo wakabeba meza, karai na yeye mwenyewe, akaambiwa hilo ni eneo la hifadhi ya barabara, akajitetea weee hakuna aliyemsikiliza, akalipa faini. Mi nilifika wameshaondoka naye, mafuta yamemwagika chini na ule mstari wa chokaa bado unaonekana.