Ukumbi wa Bath na vinara vyake

Wapenzi wa majengo ya kale, leo ni zamu ya Assembly Rooms, yaani kumbi za watu kukutana kwa dansi na burudani, za mjini Bath, Uingereza. Zilifunguliwa mwaka 1771, msanifu akiwa John Wood Mdogo. Fedha zilichangwa kwa tontini: mwenye hisa akifariki, faida yake hugawanwa na waliobaki hai.

Ukumbi wa dansi una urefu wa zaidi ya mita 30. Madirisha yamewekwa juu kabisa, wapita njia wasichungulie, na dari iko juu, joto la umati na mishumaa lipande. Kuna pia chumba cha chai na chumba cha pembe nane kwa ajili ya karata.

Ila mimi ninachopenda zaidi ni vinara vya kioo vinavyoning'inia darini. Seti ya kwanza ya ukumbi wa dansi ilitengenezwa na Jonathan Collet. Miezi michache tu baadaye mkono mmoja wa kinara ulikatika ukaanguka, nusura umpige mchoraji Thomas Gainsborough. Vikateremshwa vyote. William Parker akatengeneza vipya vitano, kila kimoja mishumaa 40. Vipande vizima vya Collet havikutupwa: viliunganishwa kuwa kinara kimoja cha mishumaa 48, kikatundikwa kwenye chumba cha pembe nane. Uamuzi wa busara sana huo!

Aprili 1942 mabomu ya Wajerumani yaliunguza jengo likabaki kuta. Vinara vilikuwa vimeshaondolewa na kuhifadhiwa, ndiyo maana hadi leo ni vilevile vya karne ya 18.