Nimerudi Kilema, mzee bado anaamka saa kumi kufungulia maji

Jamani nipo nyumbani. Kilema ya mlimani Kilimanjaro, ile ya juu kukaribia msitu, sio Moshi mjini. Nilitoka hapa 2011 na begi moja nikaenda Texas, nimerudi mwezi uliopita na mabegi manne na mgongo mbovu. Nafika uani jioni, nimevaa raba nyeupe, nampa mzee shikamoo, ananiangalia kuanzia juu mpaka chini afu anasema, "Marahaba. Sasa hivyo viatu ndo utaingia navyo bandani? Ng'ombe anazaa." Basi. Miaka 13 sijamuona na salamu yetu tumeimalizia kwenye banda, mimi nashika taa ya simu na yeye anavuta ndama.

Ana miaka 78.

Kwa ambao hamjawahi kufika mlimani, kihamba sio shamba. Shamba lipo kule chini tambarare, la mahindi na maharage. Kihamba ndo nyumbani kwenyewe, yaani nyumba, banda, makaburi, migomba, kahawa chini ya migomba, magimbi pale penye unyevu kando ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, na juu ya vyote miruka na misesewe inatoa kivuli. Cha kwetu ni ekari moja na robo tu. Ukishakata mkungu, lile shina linakatwakatwa ng'ombe anakula, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi kwenye mgomba. Siku hizi kuna watu wanalipwa posho kuja kufundisha hayo mambo kwenye semina, mzee anakaaga nyuma anakula soda yao anarudi zake.

Mi nilikuja na mpango, nisiwadanganye. Huko usiku kazini nilikuwa naangalia video za parachichi, nikapiga hesabu zangu, nikasema nikifika namwambia baba apumzike, tung'oe hii mibuni tuweke parachichi tupu. Nimemwambia siku ya tatu tunakunywa chai. Hakunijibu, akanipeleka mpaka kule mwisho karibu na korongo, kuna miparachichi miwili ya kupandikizwa ina matunda tayari. Eti, "Hii inatosha kuniambia kama bei ni ya kweli."

Kahawa ndo ugomvi wetu wa siku nyingi. Kilema ndipo mapadri walipoanza kuipanda mlimani enzi za Mjerumani, kwa hiyo huku kusema unang'oa kahawa ni kama umesema unahama dini. Ila watu waling'oa, tusifichane. Ule mkataba wa dunia wa kugawana mauzo ulivyovunjika 1989 bei ikaporomoka, na kwenye 2001 ikashuka tena mpaka mtu anaona bora asichume. Jirani mmoja akaweka nyanya, mwingine akaiachia mibuni ikawa mirefu kama mipera. Mzee akabaki anapogolea. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo humo kwa awamu, malipo ya kwanza, malipo ya pili, na mabaki ambayo kuna mwaka yanakuja na kuna mwaka ni hadithi tu. Nakumbuka tunapiga dawa ya kopa mpaka majani ya migomba yanakuwa ya bluu, na bado chulebuni, ule ugonjwa wa kuozesha kahawa, inakula nusu ya tunda.

Sasa mi nikiwa Texas nilikuwa natuma hela ajenge choo cha ndani aweke na tailizi, kila nikipiga simu naambiwa "inaendelea". Nimefika choo ni kile kile cha nje! Nikapandisha hasira, nikamuuliza hela iko wapi, akanipitisha mstari kwa mstari. Kumbe alikuwa anang'oa mibuni mizee kidogo kidogo, mwaka huu michache mwaka ujao michache ili asikose mavuno, anaweka miche mipya iliyotoka kituo cha utafiti Lyamungo, ambayo chulebuni na kutu ya majani haiitishi. Dawa hanunui tena. Tailizi zangu zimekuwa mibuni. Nilikasirika kweli, na nikawa nahesabu huku nimekasirika, na hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu ya parachichi, nikakasirika zaidi.

Wiki ya pili tumeshuka wote kukata majani ya ng'ombe. Sitaki kuongelea kupanda kurudi. Nimepumzika mara nne, mwenye miaka 78 ananisubiri kwenye kona na mzigo kichwani.

Kitu kilichokuwa kinanikaba ni mama. Alifariki 2017 na makaratasi yangu hayakuwa sawa, ningetoka nisingerudi kule, kwa hiyo mazishi nimeyaona kwa simu, picha inakatakata. Amelala hapa hapa kwenye kihamba, mzee kazungushia masale, ile mimea ya majani marefu tunayopandaga mipakani, anapalilia mwenyewe. Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la sale, na mtu akiletewa sale hakatai. Basi nimejikaza siku moja asubuhi nimekata jani nimemwendea mzee anakamua, nimesimama pale na jani langu maneno hayatoki. Kaliangalia. Kauliza nimelikata wapi. Nikamwonyesha. "Hapo ni mpaka wetu na jirani," akasema, "kalete lingine, hili mpelekee yeye kwanza." Nikacheka mpaka nikalia au nililia mpaka nikacheka, sijui. Nilivyoleta la pili alilipokea akalichomeka kwenye ukuta wa banda juu ya ndoo, akaendelea kukamua. Bado lipo, limeshakauka.

Mimi ndo kitinda mimba, kwa mila nyumba ya wazazi inabaki kwangu, kaka ana kipande chake kule juu. Hilo hatujaliongea. Ila juzi kwenye kazi ya kusafisha mfongo, ambayo usipotokea unapigwa faini, katibu alikuwa anaandika majina na mzee akamwambia futa langu andika la huyu. Hakuniuliza.

Zamu yetu ya maji ni kesho saa kumi alfajiri, ukichelewa wa chini anafungulia kwake. Jembe kaliweka mlangoni kwangu. Raba zile nyeupe zimeshakuwa za kahawia, acha nikalale.